Maswali yenu: mawe, mashimo na huyo Mjerumani wenu

Mlimani nyuma ya kwetu kuna mistari ya mawe. Alijenga Mjerumani?

Hili swali haliishi jamani. Mjerumani kaja juzi tu, miaka ya 1880. Nendeni Engaruka kule Monduli mkaone vishamba vimezungushiwa mawe, mifereji ya kumwagilia, karibu hekta 2000, na wenyewe walishahama kwenye karne ya 18! Wewe angalia mstari: kama unakata mteremko na udongo umejaa upande wa juu kuliko wa chini, hapo palilimwa, tena miaka mingi. Na acheni kuyabeba hayo mawe mkajengee choo.

Nikichimba hapo nitapata mali ya huyo Mjerumani?

Hapana. Na kuchimba eneo la kale bila kibali ni kosa, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964.

Mbinga nimeona mlima mzima una mashimo kama sega la nyuki, walikuwa wanafanya nini?

"Walikuwa"? Wanalima mpaka leo. Hiyo ni ngoro ya Wamatengo. Nyasi zinafyekwa zinalazwa mistari inayokatana, udongo wa katikati unachimbwa unafukia zile nyasi, basi shimo linabaki kati na maharage yanapandwa juu ya tuta, mvua ikipiga maji yanaingia shimoni badala ya kushuka na udongo wako, huku nyasi zinaoza zinakuwa mbolea. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha. Sasa linganisha na Uluguru, mkoloni aliwalazimisha watu kuchonga mlima uwe ngazi za kulimia, udongo mzuri ukaenda chini na ule mfu ukaja juu, mazao yakagoma, 1955 Waluguru wakachachamaa mpaka mradi ukafa. Kwa hiyo ukikuta ngazi zimetelekezwa milimani usikimbilie kusema wananchi wavivu.

Miembe mizee porini, hakuna nyumba?

Palikuwa na mji, au njia ya misafara. Tafuta vigae vya vyungu hapo chini.

Tanga kwetu kuna mkonge umeota wenyewe, umejipanga mstari kabisa. Tuung'oe?

Mkonge haujipangi! Ulikuja 1893 kutoka Florida, kauleta Hindorf (haya, huyu kweli Mjerumani), na ukiuona umenyooka hivyo ni shamba la zamani au kuna mtu aliweka alama. Muulizeni jirani kwanza, mnaweza mkawa mnang'oa mpaka wake.