Maswali yenu: Mkutano usio na ratiba

*Nimejiandikisha kwenye mkutano wa teknolojia. Nikaomba ratiba, nikajibiwa, "Tutaipanga asubuhi hiyohiyo." Hawa watu wako makini kweli?*

Wako makini. Huo ni mkutano huria, yaani ratiba hupangwa na washiriki wenyewe siku hiyohiyo. Unakuta ubao mtupu wenye saa na vyumba tu. Mwenye mada huiandika kwenye karatasi, huitaja kwa sentensi moja mbele ya wote, kisha huibandika. Baada ya muda mfupi nafasi zimejaa. Mtindo huu ulianza mwaka 1985 na Mmarekani Harrison Owen, ambaye kabla ya hapo alihangaika mwaka mzima kuandaa kongamano, washiriki wakamwambia kilichonoga zaidi ni mapumziko ya kahawa! Watu wa kompyuta nao wakawa na BarCamp, iliyofanyika mara ya kwanza Palo Alto, California, Agosti 2005. Maandalizi yake hayakufika hata wiki. Ilikuwa ni kujibu Foo Camp, mkutano mwingine wa watu wa teknolojia, ambako huingii bila mwaliko.

*Mimi bado najifunza. Naweza kuandika mada ubaoni?*

Andika hilo linalokusumbua. "Kwa nini programu yangu inakwama watumiaji wakizidi?" huvuta watu kuliko "Mustakabali wa akili mnemba", mada ambayo kila mtu ana maoni nayo na hakuna anayeondoka na kitu. Kikao kilichonifaa kuliko vyote kiliitishwa na kijana aliyeanza kwa kukiri amekwama. Tulikuwa saba. Nusu saa baadaye watatu walikuwa wameinamia kompyuta yake, sisi wengine tunabishana juu ya hifadhidata. BarCamp ina kanuni kwamba anayekuja mara ya kwanza lazima awasilishe kitu. Waandaaji wengi hawaikazii, lakini mimi ningeitii.

*Niandae slaidi?*

Hapana. Kalamu na ubao vinatosha.

*Si utovu wa adabu kutoka mtu akiwa anaongea?*

Hapo ndipo wageni wengi hukwama. Kuna kanuni ya miguu miwili: kama hujifunzi wala huchangii, miguu ikupeleke kwingine. Kaa karibu na mlango, toka kimya, usijieleze. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kikao, usinune wakitoka. Waliobaki ndio hasa uliowahitaji, hata wakiwa wawili.

*Mwaka jana jamaa mmoja aliteka kikao changu, akawa anatangaza bidhaa yake hadi muda ukaisha. Ningefanyaje?*

Pole. Jamaa wa namna hiyo hakosekani. Mwenye kikao ni wewe, kwa hiyo mkatize mapema: "Asante, tusikie na wengine." Vilevile chagua mtu wa kuandika yanayosemwa kabla hamjaanza, msemaji huwa anajizuia akiona kalamu inatembea. Akiendelea tu, nenda ubaoni ubandike kikao kipya saa inayofuata, chumba cha jirani: "Tuendelee pale tulipokatizwa."