Re: Pampu inawaka na kuzima kila baada ya sekunde chache

Ndugu, hiyo ya pampu kuwaka na kuzima ovyo ukifungua bomba, usikimbilie kununua nyingine. Mara nyingi ni tangi la presha (lile linalotunza maji kwa msukumo wa hewa) limeishiwa hewa. Bonyeza kidogo pini ya valvu ya hewa ya tangi hilo, ile inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka, badilisha. Kama ni hewa au kimya, zima umeme, fungua bomba maji yaishe tangini, ndipo upime kwa geji. Swichi ya presha ikiwa inawasha pampu kwenye psi 20 (psi ni kipimo cha presha), jaza hewa hadi psi 18. Tafadhali usichelewe, kuwaka-waka huko ndiko kunakounguza mota. Pampu ikiwaka hata mabomba yamefungwa, kagua valvu ya kuzuia maji kurudi, au tafuta panapovuja.