Je, kompyuta inaweza kusoma hisia kwenye mawimbi ya ubongo?

SWALI: Nimesoma kwamba kompyuta hutambua furaha au huzuni ya mtu kwa kupima ubongo wake, tena kwa usahihi unaozidi asilimia 90. Je, niamini?

JIBU: Ndugu msomaji, jambo lenyewe linawezekana kwa kiasi, ila hiyo asilimia 90 inahitaji kuhojiwa.

Kinachopimwa ni umeme hafifu wa ubongo, ambao Mjerumani Hans Berger aliunasa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Elektrodi, yaani vipande vidogo vya kunasa umeme, huwekwa juu ya ngozi ya kichwa, mawimbi yakatenganishwa kwa kasi yake (ya alfa hupiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde), na nguvu ya kila kundi ndiyo ambayo mashine hujifunzia. Katika mkusanyiko maarufu wa data uitwao DEAP, watu 32 walitazama video 40 za muziki, za dakika moja kila moja, kisha wakajaza wenyewe, kwa alama 1 hadi 9, jinsi walivyojisikia. Kwa hiyo mashine haifundishwi furaha. Inafundishwa kukisia alama ambayo mtu alijipa.

Tatizo kubwa liko kwenye mtihani. Dakika ile moja ikikatwa vipande vya sekunde moja moja, vingine vikatumika kufundishia na vingine kupimia, mashine huwa imekwisha kuchungulia majibu, kwa kuwa vipande vya video ileile na mtu yuleyule vinafanana mno. Akiletwa mtu mpya, mwenye fuvu lake na namna yake ya kuhisi, usahihi hushuka, mara nyingi kwa kiasi kikubwa.

Kuna na hili la misuli. Mtu akitabasamu au akikaza taya, misuli ya uso hutoa umeme unaoweza kuufunika ule wa ubongo, hasa katika mawimbi ya kasi, yapitayo mipigo 30 kwa sekunde. Mashine inayosifiwa kwa kusoma ubongo huenda inasoma tabasamu tu, kazi ambayo macho yetu huifanya bila kebo hata moja.

Ukiikuta tena takwimu hiyo, angalia kama waliopimwa hawakuwamo katika mafunzo, na hisia zilizoshindanishwa zilikuwa ngapi. Zikiwa mbili zenye idadi sawa ya mifano, hata anayebahatisha hupata karibu asilimia 50.