Miezi kumi ya kamba: nilivyojaribu kupunguza kubanana kwenye daladala za Gongo la Mboto

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nimehamia Gongo la Mboto mwezi wa tatu, kazi yangu iko Posta. Naamka saa kumi usiku, lakini saa kumi na mbili na nusu bado niko kituoni nimesimama. Wewe uliwezaje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nilianza kukujibu kwenye simu, nikaona maneno yananizidi. Halafu hilo swali lako limenigusa penye kidonda, maana mimi sikuweza. Niliweza miezi kumi tu, na hiyo miezi kumi hadi leo kuna mtu anatembea nayo mtaani kama ya kwake. Tutafika huko.

Kwa mnaosoma mkiwa mbali, Gongo la Mboto ya Dar es Salaam wengi mnaijua kwa mabomu ya kambi ya jeshi yaliyolipuka Februari 2011. Sisi wa huku tunaijua kwa kugombania gari. Njia yetu ya mjini ni moja, Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Mtu wa Chanika, wa Pugu, wa Ulongoni, wa Ukonga, wote ni humo humo, na mkifika Banana mnaungana na wa Kitunda na Kivule. Mfereji mmoja, ndoo elfu.

Mimi nilikuwa nauza vitambaa Kariakoo, na ndiye niliyeshika funguo za duka. Siku hiyo, mwaka 2018, gari liliingia stendi nikafanya kama wanavyofanya wote: nikarusha mkoba dirishani ukae kwenye siti, kisha nikakimbilia mlangoni. Mkoba ukapata siti. Mimi sikupata hata ngazi. Konda akapiga bati, "Twende suka!", na gari likaondoka na mkoba wangu, simu yangu, kibakuli changu cha wali maharage na funguo za watu. Nimebaki na kiatu kimoja mguuni, kingine kimeng'olewa kwenye vurugu za mlangoni. Nilipanda bodaboda nikiwa pekupeku mguu mmoja, nikaliwahi gari kwenye foleni ya Banana. Mkoba ulikuwa mapajani kwa mama mmoja mtu mzima. Akaniambia, "Mwanangu, siti yako nimeilinda mpaka kituo cha Mombasa, nikachoka kugombana na watu." Bodaboda elfu tatu. Kariakoo nilifika bosi amekaa nje juu ya ndoo, na wateja wawili wameshakwenda duka la jirani. Hakunifukuza siku ile. Alinifukuza baadaye, kwa jambo lingine, ila nina hakika hesabu aliianzia pale kwenye ndoo.

Baada ya hapo nikawa mgeuzaji. Usiyejua kugeuza ni hivi: badala ya kusubiri stendi, unarudi nyuma hadi Mombasa au Mazizini, unapanda gari linaloshusha, unakaa, unafika nalo mwisho na unageuka nalo kwenda mjini. Nauli unalipa mara mbili. Nilikuwa najiona mjanja kweli. Nikikaa dirishani, nawaangalia waliobaki stendi wanavyosukumana, nasema moyoni hawa hawajui mji. Mungu anisamehe.

Mwezi wa tisa mwaka ule daraja la juu la Tazara, la Mfugale, likafunguliwa. Tulishangilia. Tukasema shida imekwisha, maana kabla ya hapo ukifika Tazara unaweza kulala na kuota. Kweli foleni ya pale ilipungua. Ila stendi kwetu watu walikuwa wale wale, na mlango ule ule. Hapo ndipo nikaanza kujiuliza: kama barabara sasa inapitika, magari yanaishia wapi?

Nikachukua daftari la kurasa 40, nikakaa kwa muuza chapati pale stendi kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa moja nzima nahesabu. Ziliingia gari 34 za Mnazi Mmoja, Kariakoo na Mwenge. Kati ya hizo, 21 ziliingia viti vyote vimeshakaliwa na wageuzaji wenzangu. Kesho yake nikaenda kuhesabia Mombasa, na nilichokiona huko kilinivunja nguvu: Coaster zikijaa wageuzaji zilikuwa hazina hata haja ya kufika mwisho. Zinakata ruti pale pale, zinarudi mjini. Stendi watu wanatoa macho barabarani wakisubiri gari ambalo limeshageuka kilomita kadhaa nyuma yao.

Nikamfuata dereva mmoja ninayemfahamu, nikamuuliza mbona mnatufanyia hivi. Akacheka. "Dada, tajiri mwenye gari anataka hesabu elfu themanini jioni. Mafuta yangu, konda wangu, matrafiki wangu. Asubuhi ndiyo saa ya kupata hela. Nikiingia stendi, mnagombania dakika nane, kioo kinavunjwa, mtu anaingia dirishani hajalipa. Anayegeuza amekaa, amelipa mara mbili, hana kelele. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Dakika nane. Nikaziandika. Ukizizidisha kwa safari za asubuhi, kila gari linapoteza muda mwingi kwa sababu ya ngumi zetu mlangoni. Tunalia magari hayatoshi, na magari tumeyashika wenyewe kwa mikono miwili.

Nilikuja na wazo la foleni. Si la kwangu, watu wa benki wanapanga foleni kila siku. Januari 2019 nikanunua kamba ya manila, nikaomba matairi mawili chakavu kwa fundi, nikapata akina mama wanne wa kikoba chetu na vijana wawili wa bodaboda, tukapanga mstari wa ruti ya Mnazi Mmoja peke yake. Wiki ya kwanza nilitukanwa matusi ambayo sijawahi kuyasikia tena. Waliniita "mwenyekiti wa kamba". Kuna mkaka mmoja mwenye suti aliruka kamba, akaingia dirishani kama nyani, suti ikabaki na mfuko mmoja.

Wiki ya tatu makonda wenyewe wakaanza kutuunga mkono, kwa sababu gari lilikuwa linajaa kwa dakika mbili. Viti vikijaa, mlango unafungwa, wanaosimama wanachukuliwa njiani. Madereva wakaacha kukata ruti asubuhi, si kwa huruma, kwa faida. Wanafunzi, ambao makonda walikuwa wakiwakwepa kwa sababu ya nauli yao ya shilingi 200, tuliwapa nafasi nne kila gari na konda hakubisha. Mimi, mgeuzaji mstaafu, nikawa nafika Kariakoo saa moja kasorobo nimekaa kwenye siti niliyoilipia mara moja.

Sitawadanganya, watu wa Mombasa walitulaani. Wao walizoea kugeuza, na sasa gari linawafikia viti vimeshajaa. Mama mmoja aliniambia, "Nyie mmepata siti, sisi mmetupa migongo ya watu." Hana makosa. Foleni yetu haikuongeza gari hata moja barabarani, iliongeza safari tu. Ila safari nayo ni kitu.

Sasa yule mtu anayetembea na miezi yangu kumi kama ya kwake. Kwenye mkutano wa mtaa kiongozi wetu mmoja alisimama mbele ya wageni waliotoka wilayani akasema, "Tumefanikiwa kuleta utaratibu wa foleni kituoni." Tumefanikiwa! Saa kumi na moja alfajiri alikuwa anakoroma. Nilikuwa mstari wa tatu, mkononi nina daftari, na hakuna aliyeniuliza jina. Nilikuwa nimeomba kwake mambo mawili, barua ya kuombea ruti za nyongeza LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, na kibanda cha kujikinga mvua. Barua aliniambia iko njiani. Naona na yenyewe ilikwama Banana.

Kibanda ndicho kilichotumaliza. Vuli ya 2019 mvua ilinyesha bila huruma, na mtu anayeloa hawezi kuheshimu kamba. Siku moja watu wote walikimbilia chini ya paa la duka la dawa, gari likaingia, mstari ukafa pale pale. Kesho yake kamba haikuonekana. Nasikia imefungiwa mbuzi. Korona ilipoingia mwaka uliofuata tukaambiwa level siti, yaani abiria wasizidi viti, agizo la maana kiafya, lakini magari yalikuwa yale yale, kwa hiyo waliokuwa wanasimama ndani wakasimama nje. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kusikia habari za foleni.

Basi mdogo wangu, ushauri. Amka mapema, hilo unalijua. Treni ya Pugu kama iko karibu na kwako, ipande. Tangu treni ya mjini ya mwaka 2012, tuliyoiita ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, naamini reli ndiyo dawa ya jiji hili, inabeba umati kwa mkupuo mmoja. Usirushe mkoba dirishani. Hesabu kabla ya kulalamika, maana ukienda ofisini kusema "daladala hazitoshi" watakupa kiti na pole, lakini ukisema "gari 21 kati ya 34" watakutafutia kalamu. Ongea na makonda kabla ya viongozi. Usianze peke yako, na usianze masika. Na acheni kugeuza jamani! Mnajiona wajanja, mnalipa mara mbili ili jirani yako abaki stendi na mtoto wa shule. Najua mnanuna mkisoma hapa, hata mimi ningenuna.

Kuna wanaosema mabasi ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere ndiyo yatamaliza shida. Mimi nimeiona ya Kimara tangu ilipoanza Mei 2016. Basi ni kubwa, mlango ni mpana, na watu wanasukumana mlangoni vile vile.

Daftari ninalo bado, limebaki kurasa kumi na tatu. Kamba ya manila nimeiulizia jana kwa muuza vifaa vya ujenzi hapa karibu, mita thelathini zinatosha. Kibanda ndiyo sijapata, ila turubai lipo, la msiba wa mjomba, lina tundu moja pembeni. Kama uko tayari, Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nitakuwa kwa yule muuza chapati. Njoo na kalamu yako.