Kiwanda cha tumbaku ya kiko kimefungwa: je, siki itarudisha ladha?

SWALI: Shikamoo Mzee Mteuzi. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Columbus, Ohio. Kwa miaka mingi nimevuta kiko kwa tumbaku moja tu, 5100 Red Cake ya kampuni ya McClelland. Walipofunga nilijiwekea akiba, lakini sasa nimebakiwa na chupa moja. Kuna mtu mtandaoni anauza "fomula ileile": unanunua tumbaku aina ya Virginia ya bei nafuu, unatia matone yake yenye siki, unaoka kwenye oveni, eti inatoka 5100. Halafu kwenye hii niliyobaki nayo nimeona vinukta vyeupe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hayo matone usiyanunue, na kama umeshayanunua yamwage. Swali lako linanifikia kila mara kwa sura tofauti. Mmoja anaulizia Frog Morton, nayo ya McClelland, mwingine makopo ya Dunhill ya zamani, na karibu kila mmoja ameshakutana na mtu wa kumuuzia fomula.

Watu wameaminishwa kwamba tumbaku nzuri ni siri iliyoandikwa kwenye karatasi; kampuni ikifa, karatasi ikipatikana, mambo yamekwisha. Sasa Red Cake ilikuwa na nini cha kuandikwa? Ilikuwa Virginia nyekundu, ikashindiliwa, ikaachwa ikomae. Basi. Anayekuuzia fomula yake anakuuzia viungo vya pilau wakati mchele huna.

Nimeteua, yaani nimepanga madaraja ya, tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa hewa ya moto, kwenye masoko ya vyama vya msingi Urambo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Robota, yaani furushi la majani, likifunguliwa, unachomoa majani ya katikati, kwa sababu ya juu ndiyo mkulima anayotaka uyaone. Unalinyoosha jani kwenye mwanga uone kama ni rangi ya ndimu, chungwa au mahogani. Unalifinya kiganjani na kuliachia. Lililoiva shambani linakunjuka lenyewe taratibu, linaacha unato kidogo kwenye vidole, na ukilileta puani unapata utamu kabla ya ukali. Lililovunwa bichi linabaki na ukijani kando ya mishipa hata likaushwe na fundi wa namna gani. Ukijani huo hauna dawa. Hakuna tone wala oveni itakayoutoa, na kwenye kiko utaujua kwa ulimi kuwaka.

Utamu wa Virginia unapatikana bani, banda la kukaushia majani. Siku za mwanzo jani linashikiliwa kwenye joto la nyuzi 35 hadi 38 hivi, na unyevu wa kutosha, ili libaki hai wakati linageuka njano na wanga wake unageuka sukari. Mwenye haraka akipandisha moto mapema, jani linakufa na wanga wake ndani. Akilichelewesha, linaanza kula sukari yake lenyewe na kuwa kahawia. Baada ya hapo joto linapanda hatua kwa hatua mpaka nyuzi 70 na kidogo ili mshipa mkuu ukauke. Kazi nzima ni karibu wiki, na mtu halali vizuri. Jani jekundu unalolipenda hutoka sehemu ya juu ya mche, lililoachwa likaiva sawasawa. Likishakauka na kushindiliwa, linahitaji miaka ya kukaa. Sukari na amino asidi zinashikana polepole, ukali wa amonia unashuka, rangi inakolea. Ulichokuwa ukivuta ni muda huo, na muda hauuzwi kwenye kichupa.

Ndiyo maana McClelland, waliokuwa Kansas City tangu 1977, walipofunga mwaka 2018 walizungumzia majani: daraja la Virginia nyekundu walilolihitaji lilikuwa halipatikani tena kama zamani. Fomula walikuwa nayo mkononi, wakafunga hivyo hivyo! Mwaka 2004 Marekani ilifuta mfumo wake wa mgawo wa kilimo cha tumbaku na kuwalipa fidia wenye mgawo. Wakulima wengi wakaacha zao hilo, na waliobaki wakalima kwa mkataba, hasa kwa ajili ya sigara. Mwenye sigara anataka jani la kumfaa kwa wingi na kwa bei. Mteja mdogo anayetaka majani ya juu yaliyoachwa yakaiva kupita kawaida hana nguvu mezani. Kisha kuanzia Agosti 2016 tumbaku ya kiko nayo ikaingia chini ya mamlaka ya chakula na dawa ya huko, na mchanganyiko mpya ukahitaji idhini kabla ya kuuzwa. Kwa hiyo ukimwona mtu anauza 5100 "mpya" aliyoitengeneza jikoni kwake, ujue na sheria hana habari nayo.

Na ile siki? Kweli, kopo la McClelland likifunguliwa lilinuka siki na tomato sosi, kila mvutaji anakumbuka. Wamebishana miaka kama ilitiwa au ilitokana na kuumuka. Lakini wavutaji wengi walikuwa wakiacha kopo wazi kwa muda ili harufu hiyo ipae, na ikishapaa ladha ilibaki palepale. Basi vipi mtu akuuzie kile kilichokuwa kikiondoka na kukuambia ndicho ladha yenyewe? Hili ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu linamfanya mtu aache kulitazama jani na kuanza kufukuza harufu.

Turudi kwako. Usitafute pacha, tafuta ndugu. Kwa muda mrefu wavutaji waliitaja 515 RC-1 ya Sutliff kuwa ndiyo iliyokaribia zaidi 5100, lakini Scandinavian Tobacco Group ilipoinunua Mac Baren, iliyokuwa ikimiliki Sutliff, mwaka 2024, kiwanda cha Sutliff kilichokuwa Richmond nacho kikafungwa. Ukiikuta dukani ichukue, ila usiitegemee. Wewe uliye Marekani, anza na Cornell & Diehl wa South Carolina. Hao wanalichukulia jani jekundu kwa uzito, na Carolina Red Flake yao, ikitoka, inafaa kuwekwa ikae. Union Square ya G. L. Pease ina nyekundu na njano pamoja, haina kionjo cha kuongezwa. Ukitaka kitu kizito zaidi, Full Virginia Flake ya Samuel Gawith kutoka Kendal, Uingereza, ni jani la giza lenye utamu wa chini. Huja na maji mengi, ianike mpaka ukiifinya isishikane donge.

Zijaribu moja moja kwa kiko kimoja kilichosafishwa, si kile ulichokuwa ukivutia tumbaku ya vionjo. Hiyo chupa yako ya mwisho usiimalize sasa. Iweke iwe kipimo. Vuta kidogo ya zamani leo, kidogo ya mpya kesho, saa ileile, kabla hujanywa kahawa. Na ukipata iliyo karibu, nunua ya ziada, ifunge kwenye chupa ya glasi yenye mfuniko unaobana, andika tarehe, iweke kabatini penye giza na baridi ya kawaida. Virginia changa itakusikitisha kwanza. Ipe miaka miwili, mitatu, kisha ifungue.

Vinukta vyeupe: chukua tochi na miwani. Vikimeta na kukaa bapa juu ya jani, ni chembechembe zinazojitokeza kwenye Virginia iliyokaa sana, hazina neno. Vikiwa na manyoya, vikivutana nyuzi kutoka jani hadi jani, au chupa ikinuka uvundo wa nguo zilizolala majini, huo ni ukungu. Usichambue upande mzuri. Tupa yote, ijapokuwa inauma.

Sasa nikueleze kuhusu hawa wauzaji, maana si wewe peke yako unayelengwa. Oveni kwanza. Kupasha Virginia kwa joto ni kazi halali ya viwandani. Inaifanya iwe nyeusi na kulainisha makali. Ila wanaanza na jani zuri. Jani baya ukilioka unapata jani baya lililoungua, na nyumba inayonuka wiki nzima.

Matone ndiyo hatari yenyewe. Mengi ni vionjo vya keki au mafuta ya manukato, vitu vilivyotengenezwa kuliwa au kunukiwa. Kitu salama tumboni si lazima kiwe salama mapafuni. Mwaka 2000, hukohuko Missouri walikokuwa McClelland, wafanyakazi wa kiwanda cha bisi walibainika kuwa na ugonjwa wa kuziba njia ndogo za hewa mapafuni, na chanzo kikahusishwa na mvuke wa kionjo cha siagi chenye diasetili. Bisi zenye kionjo hicho watu walikuwa wakila. Ni kuvuta mvuke wake ndiko kulikowaharibu. Sasa wewe unatia kimiminika usichojua kina nini, unakiwasha moto, na aliyekuuzia hana hata karatasi ya kukuonyesha. Mtu wa namna hiyo simwiti mtaalamu.

Wapo pia wanaouza majani matupu kutoka nyumbani kama "tumbaku ya asili isiyo na madhara". Nimeona hata tumbaku ya moshi ya Songea, ile inayokaushwa kwa moshi wa kuni, ikiuzwa hivyo kwa Watanzania walio nje. Ni jani la heshima, lakini ni kali, hutumika kiasi kidogo ndani ya mchanganyiko. Ukijaza kiko kizima utatapika kabla hakijafika nusu. Na hilo neno asili lisikudanganye. Moshi wa kiko, uwe wa jani tupu au la vionjo, hata kama huuvuti mpaka mapafuni, unaleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu. Nimefanya kazi ya jani hili na nalipenda, na hilo nalisema kwa kila anayeniuliza.

Wa mwisho ni wauzaji wa makopo ya zamani kwa bei ya kuruka. Kopo la McClelland lililofungwa kweli lina thamani, lakini mwombe muuzaji picha ya chini na ya ukingo wote. Kutu ikishatoboa, hewa imeingia, na humo ndani kuna majani makavu yaliyokufa. Likikosa picha ya ukingo, acha.