Padre, tukikubali mama atolewe mashine ya kupumulia, tutakuwa tumemuua?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mama yetu, mzee wa miaka 71 kutoka Rungwe, alipata kiharusi. Hii ni wiki ya tatu yupo hospitali ya rufaa hapa Mbeya, hajitambui, anapumulia mashine na analishwa kwa mpira wa puani. Madaktari wanasema ubongo umeharibika sana, hawategemei azinduke, na wanashauri mashine itolewe. Mjomba anasema tukikubali tumemuua dada yake. Mdogo wangu wa Tunduma anasema ng'ombe wamekwisha, vitolewe vyote, mashine na mpira. Mimi ndiye mkubwa, wote wananitazama. Je, ni dhambi?

JIBU: Milele amina, dada. Poleni sana.

Kwa hali uliyoieleza, kukubali mama atolewe mashine si dhambi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hamlali. Mjomba ameshika amri ya "Usiue", na yuko sahihi kuishika: Kanisa halikubali mgonjwa achomwe sindano ili afe, hata ndugu wakiwa wamechoka namna gani. Ila kumuua mtu ni mbali na kuacha kupigana na kifo ambacho tiba imeshindwa kukizuia. Mwaka 1957 madaktari wa usingizi walimpelekea Papa Pio XII swali hilihili la mashine ya kupumulia. Alijibu kwamba tunawajibika kutumia njia za kawaida za kulinda uhai, si zile zinazomtwika mgonjwa au wengine mzigo mzito kupita kiasi. Katekisimu, namba 2278, inaruhusu kusitisha tiba yenye mzigo mkubwa au isiyolingana na matokeo yanayotarajiwa.

Basi mwulizeni daktari waziwazi: mashine hii inampa mama nafasi ya kupona, au inachelewesha tu kufa kwake? Mwulizeni daktari huku mjomba akiwa amekaa palepale. Mara nyingi wazee hupewa habari nusunusu na watoto kwenye korido, kisha wakikataa wanaonekana wakaidi. Mwacheni aulize mwenyewe mpaka aridhike. Mkitaka daktari mwingine naye amwangalie, ombeni bila aibu.

Kuhusu mpira wa chakula, hapo simuungi mkono mdogo wako. Uji na maji ni haki ya mgonjwa, sawa na kuogeshwa, kugeuzwa asipate vidonda, na kubadilishiwa shuka. Papa Yohane Paulo II alilisema hili mwaka 2004 kuhusu wagonjwa wasiojitambua: kulishwa, hata kwa mpira, kimsingi ni huduma ya kawaida. Wakati wake wa kukoma ni pale mwili wenyewe unapokataa: tumbo linavimba, uji uliotiwa asubuhi unarudi kwenye mpira jioni. Wauguzi watawaambia, na hapo kuendelea kumlisha ni kumtesa.

Mdogo wako asionekane mtu mbaya kwa kutaja fedha. Tamko la Vatikano la mwaka 1980 linatambua nia ya kutoibebesha familia gharama kupita kiasi kwa tiba isiyo na tumaini la kutosha. Fedha zipimwe pamoja na maneno ya daktari. Zikisimama peke yake, kama mama bado ana nafasi ya kupona, jibu langu lingekuwa tofauti.

Kumbukeni pia mama mwenyewe aliwahi kusema nini, labda alipokuwa akiuguza wengine. Wewe ni mdomo wake sasa; hukumu ya uhai wake hujapewa.

Kabla ya siku ya kutoa mashine mwiteni padre ampe Mpako wa Wagonjwa. Kutojitambua si kizuizi: kanuni ya 1006 ya Sheria za Kanisa inatosheka kwamba aliuomba, hata kwa njia isiyo ya wazi, alipokuwa na fahamu zake. Mashine ikitolewa anaweza kuendelea kupumua kwa saa kadhaa, hata siku, kwa hiyo pangeni zamu za kukaa naye. Akionekana kuhangaika, ombeni dawa ya kutuliza, hata mofini. Ikitolewa kwa kipimo cha kutuliza maumivu, Kanisa halina pingamizi.

Na mjomba akiwa bado hajaridhika, msifanye nyuma ya mgongo wake. Kama daktari anaona mama anaweza kusubiri siku mbili tatu, mpeni hizo. Aje parokiani, au mimi nimfuate alikofikia, tuongee.