Kijana mwenye ulemavu wa akili msikitini

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwanangu ana miaka 19, ana ulemavu wa akili. Akisikia adhana hatulii, anataka kumfuata mjomba wake msikitini. Hapa Mbagala baadhi ya wazee wanasema abaki nyumbani, anakata safu, na eti kuna hadithi inakataza. Swala ni wajibu kwake? Tumpeleke?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Dada yangu, mpelekeni.

Hadithi ya kuwaweka watoto na wendawazimu mbali na misikiti ipo katika kitabu cha hadithi cha Ibn Majah, ila wanazuoni wa hadithi wameidhoofisha. Iliyo sahihi, katika kitabu cha Muslim kutoka kwa sahaba Anas, ni ya mwanamke aliyekuwa na kitu akilini mwake, akasema ana haja na Mtume. Mtume (s.a.w.) akamwambia achague njia yoyote aitakayo, akawa naye mpaka akamaliza haja yake.

Kwenye wajibu tunatazama ufahamu wake, si kilichoandikwa kwenye cheti cha hospitali. Asiyeelewa kabisa, kalamu imenyanyuliwa kwake: hana dhambi wala swala ya kulipa. Anayejua kwamba swala si mchezo lakini hafikii kuelewa amri na katazo, swala yake inasihi na thawabu anapata, ila haimlazimu. Akielewa amri na katazo, inamlazimu kwa kadiri ya uwezo wake, hata kama hajui kusoma wala kuhesabu hela.

Safu isiwape shida. Akitoka katikati, walio pembeni wasogee. Pengo halibatilishi swala ya mtu. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, asiye na akili hahesabiwi katika wale watu 40 wanaotakiwa ili swala ya Ijumaa isihi, basi. Hakuna aliyesema afukuzwe.

Ila msianze na Ijumaa. Watu wamebanana, hotuba ndefu, spika juu ya kichwa. Akipiga kelele hapo, wazee watasema si tulisema? Anzeni na adhuhuri ya katikati ya wiki, mfike karibu na iqama, mwito wa kusimama kuswali, asingoje sana. Apite chooni kwanza. Asimame mwisho wa safu, upande wa mlango, mjomba ubavuni mwake, mbali na spika, na iwe palepale kila siku. Imamu aambiwe kabla.

Udhu afundishwe nyumbani kiungo kimoja kimoja. Mkono usipokaa sawa, msihamie uso. Wengi humwosha wao ili wawahi, matokeo yake miaka inapita kijana hajui kufungua bomba.

Na mkojo ukimtoka? Bedui alikojoa ndani ya msikiti wa Mtume, masahaba wakamjia juu, Mtume akawazuia, akaagiza ndoo ya maji imwagwe pale. Kwenye zulia, kausheni kwanza kwa kitambaa, kisha mwageni maji safi yafunike mahali pote. Kufuta kwa kitambaa kibichi tu kunaitandaza najisi.

Zakatul fitri, ile zaka ya kumaliza Ramadhani, msimsahau: pishi moja, kama kilo 2.5 za mchele. Inatoka kwenye mali yake akiwa nayo, asipokuwa nayo ni juu ya anayewajibika kumlisha.

Wallahu a'lam.